Mwendo wa Mdogo: Somo kwa Kaka na Dada Walio Safarini

Masomo: Mwanzo 33:12-17; Mwanzo 37:12-35; Mwanzo 42:1-4 na 43:1-14; Mwanzo 44:18-34. Yafaa kuyasoma nyumbani kwanza, ndipo mfuate somo hili mkiwa na Biblia mkononi.



Kila shule zinapofungwa, njia zetu za Ntalikwa hujaa watoto. Wengine wametumwa kwa bibi au kwa shangazi. Wengine wanakwenda porini kutafuta uyoga na matunda. Wengine wanakwenda mjini Tabora kwa sikukuu, au Kwihara kuiona nyumba aliyokaa Livingstone. Mara nyingi baba yuko kwenye tumbaku na mama ana mgonjwa nyumbani, kwa hiyo mkuu wa safari si mzazi. Ni kaka wa miaka 15, au dada wa miaka 13, amefuatana na wadogo zake watatu au wanne. Mama anasimama mlangoni na kusema maneno machache tu: “Uwaangalie wadogo zako.”

Sote tumeambiwa maneno hayo au tumeyasema. Je, maana yake ni nini hasa? Katika somo la mwezi huu tutawatazama wana wa Yakobo safarini, maana jamaa ile ilisafiri sana, na mara moja safari ya ndugu iliharibika vibaya. Tutaitazama pia njia yetu wenyewe ya misafara, iliyopita katika nchi hii ya Unyanyembe.

1. Mwendo hupimwa kwa aliye mdogo

Katika Mwanzo 33 ndugu wawili wanakutana baada ya miaka mingi. Esau anamwambia Yakobo waondoke pamoja, yeye atatangulia. Yakobo anajibu kwamba watoto wake bado ni dhaifu, na kundi lina wanyama wanaonyonyesha, wakiharakishwa siku moja tu kundi lote litakufa. Esau atangulie. Yeye atakwenda polepole, kwa kadiri watoto wanavyoweza.

Wengine watasema kwamba Yakobo alikuwa anamkwepa Esau kwa kuwa alimwogopa bado, na ni kweli kwamba hakumfuata mpaka Seiri, bali alikwenda Sukothi. Hata hivyo sababu aliyoitoa ni ya kweli, na kila mchungaji wa ng'ombe anaijua. Esau alikuwa na watu 400 wazima, walioweza kwenda mbio. Yakobo alikuwa na watoto. Watu wazima wakiweka mwendo wao, watoto huachwa nyuma, au hufika wakiwa wagonjwa. Watoto wakiweka mwendo, wote hufika.

Basi hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kaka na dada wakubwa. Mwendo wa safari si wako wewe mwenye miguu mirefu. Ni wa yule mwenye miguu mifupi kuliko wote. Kama wewe ungefika Tabora kwa saa mbili na mdogo wako atafika kwa saa nne, safari yenu ni ya saa nne. Ondokeni mapema kwa kuifuata hesabu hiyo, msije mkamburuta mtoto jua la saa saba likiwa kichwani.

2. Dothani: safari ya ndugu iliyoharibika

Katika Mwanzo 37 Yusufu ana miaka 17. Baba yake anamtoa Hebroni aende Shekemu kuwatazama kaka zake kama wako salama, wao na kundi. Anapotea kondeni, mtu anamwelekeza, naye anawafuata mpaka Dothani. Angalieni jambo hili: kijana ametembea njia ndefu peke yake kwa ajili ya usalama wa kaka zake, na usalama wake mwenyewe ukaishia pale alipowakuta.

Mnayajua yaliyofuata. Walimvua kanzu yake, wakamtupa katika shimo lisilo na maji, kisha wakaketi kula chakula. Watu wengi huusoma upesi mstari wa 25 wakaupita. Sisi na tusimame hapo kidogo. Ndugu kumi wanakula, na ndugu mmoja yuko shimoni, karibu kiasi cha kusikia. Ukitaka kujua hali ya jamaa iliyo matembezini, tazama wakati wa kula. Ni nani aliyekaa mbali? Ni nani aliyepewa mwisho? Ni nani ambaye hakuna aliyeuliza kama amekula?

Halafu yuko Reubeni, mzaliwa wa kwanza. Reubeni hakutaka Yusufu afe. Alikuwa na nia ya kumtoa shimoni baadaye na kumrudisha kwa baba. Lakini aliondoka, na aliporudi alilikuta shimo tupu. Msafara ulikuwa umepita ukielekea Misri, na ndugu yake ameuzwa kwa vipande 20 vya fedha. Nia ya Reubeni ilikuwa njema, ila hakuwapo saa ilipohitajika. Kumpenda mdogo wako moyoni hakutoshi mkiwa njiani. Huna budi kuwapo pale alipo.

Tusiwasahau wazazi pia. Yakobo ndiye aliyempa mtoto mmoja kanzu ya pekee na kuwaacha wengine wakitazama. Wivu uliotokea Dothani ulianza kuchomeka nyumbani. Mtoto anayependelewa mbele ya wenzake hupata taabu pale mzazi asipokuwapo.

3. Yuda na neno la dhamana

Miaka ikapita na njaa ikaingia. Wale kumi wakashuka Misri kununua nafaka, lakini Benyamini alibaki. Baba yao alikataa kumtoa, akiogopa asipatwe na mabaya njiani. Alikwisha kumtuma mtoto mmoja kwa kaka zake, naye hakurudi. Basi hakuwaamini tena. Hapo twaona kwamba kosa la safari moja huweza kuifunga milango ya nyumba kwa miaka mingi. Mzazi aliyepotelewa na mtoto mtoni, wadogo wanaofuata hawapati ruhusa hata ya kwenda kisimani.

Chakula kilipokwisha tena, Reubeni alikuwa amekwisha kutoa ahadi yake: kama hakumrudisha kijana, baba awaue wanawe wawili. Ahadi hiyo haikumfariji mzee hata kidogo. Ni babu gani afarijiwe kwa kuuawa wajukuu zake? Lakini Yuda alisema neno jingine. Alisema yeye mwenyewe atakuwa dhamana ya kijana. Baba amdai yeye, naye asipomrudisha atachukua lawama siku zote. Baba akakubali.

Na neno hilo lilijaribiwa. Kikombe kilipoonekana katika gunia la Benyamini, Yuda angeweza kurudi nyumbani na kusema kwamba kijana alikamatwa na kikombe, naye afanye nini? Hakufanya hivyo. Alimkaribia mkuu wa Misri, akaomba yeye akae kuwa mtumwa mahali pa kijana, na kijana apande kwenda na ndugu zake. Huyu ndiye Yuda yule aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu. Watu ni wale wale na baba ni yule yule, lakini sasa mkubwa yuko tayari kubaki ili mdogo afike.

Hiyo ndiyo maana ya “Uwaangalie wadogo zako.” Mama hakukuambia uwatazame tu kama mtu anavyotazama mbuzi wa jirani. Amekufanya dhamana. Mkirudi, hatakuuliza kama ulifurahi. Kwanza atahesabu vichwa.

Mwisho wa habari hiyo kuna maneno machache ya kupendeza katika Mwanzo 45:24. Yusufu anapowaaga ndugu zake warudi kumleta baba, anawaonya wasigombane njiani. Aliwajua ndugu zake, na alijua kwamba njia huleta ugomvi.

4. Njia yetu ya misafara

Sisi watu wa Tabora tungepaswa kuielewa habari ya Yusufu kuliko watu wengi, kwa sababu tunakaa juu ya njia kama ile ya Dothani. Burton na Speke walipofika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametembea siku 134 kutoka pwani. Hapa ndipo njia za misafara zilipokutana, na Wanyamwezi wenyewe walikuwa wapagazi wenye sifa kubwa. Burton aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walizoezwa tangu utoto kwa kubebeshwa kipande kidogo cha pembe.

Msafara ulikuwa na utaratibu wake. Kirangozi alitangulia, naye ndiye aliyeijua njia na maji. Wanyapara walikaa nyuma, wazuie watoro na kuwakusanya waliochelewa. Kwa hiyo msafara ulikuwa na jicho mbele na jicho nyuma. Hata hivyo tusiisifu njia ile kupita kiasi. Wagonjwa wa ndui waliachwa njiani wafe. Na pamoja na pembe walipita watu waliofungwa, wengi wao watoto, ambao kaka na dada zao hawakuwaona tena. Kila mmoja wao alikuwa Yusufu wa jamaa fulani.

Mmojawapo wa watoto wa namna hiyo alikuwa Chuma, Myao, aliyefunguliwa kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861, katika nchi ya mto Shire, Livingstone alipokuwa pamoja na Askofu Mackenzie na wamisionari wa UMCA. Mwaka 1872 Chuma alikuwa Kwihara pamoja na Susi na Livingstone. Hapo walijiunga na vijana waliosoma Nasik, India, katika misheni ya CMS. Nao pia walikuwa Waafrika waliotolewa utumwani, na mmoja wao aliitwa Jacob Wainwright. Tarehe 25 Agosti 1872 waliondoka Kwihara kwenda kusini.

Livingstone alipokufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, watu hawa wangeweza kumzika na kutawanyika. Waliuzika moyo wake pale, Jacob akasoma sala za maziko, kisha wakaubeba mwili kurudi njia yote. Oktoba mwaka ule walifika Unyanyembe, wakamkuta Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri waumalize mzigo hapa, mwili uzikwe hapa hapa. Walikataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika Westminster Abbey, London. Jacob alikuwapo. Baadaye alirudi Afrika, akafa mwaka 1892 huko Urambo, si mbali nasi.

Twajifunza nini? Watu hawa walikuwa wamenyang'anywa jamaa zao za kuzaliwa, wakafanywa ndugu na njia. Nao walioachwa na kuuzwa wakawa watu wasiokubali kumwacha mwenzao njiani, hata alipokuwa maiti. Mtoto akienda Kwihara kuona nyumba ile, asionyeshwe kuta na picha tu. Kaka yake amsimulie habari ya wale waliokataa kumwacha mwenzao.

5. Mambo ya kushika mkienda matembezini

Haya yafuatayo ni kwa kaka na dada wakubwa. Yasomeni pamoja na wadogo kabla ya kuondoka.

(a) Hesabuni. Hesabuni mlangoni, hesabuni kila mnapopumzika, hesabuni kabla ya kugeuka kurudi. Hata Mariamu na Yusufu, wakitoka Yerusalemu, walidhani Yesu yumo katika msafara, wakaenda mwendo wa siku nzima kabla ya kumtafuta (Luka 2:44). Ikiwa wao walidhani, sisi tusidhani.

(b) Mmoja mbele, mmoja nyuma. Anayejua njia atangulie kama kirangozi. Aliye mkubwa wa pili akae nyuma kabisa, asipitwe na mtu kurudi nyuma yake. Kwenye barabara ya magari tembeeni upande mnaoyaona magari yakija, mmoja nyuma ya mwingine. Na msikubali kupakiwa wanne juu ya bodaboda moja kwa sababu mmechoka.

(c) Chakula kianze kwa mdogo. Mkubwa agawe, mdogo achague kwanza, mkubwa achukue kilichobaki. Hakuna kula mpaka wote wamekaa.

(d) Uyoga na matunda. Ntalali, mbula na ntonga zijulikanazo nyumbani ni zawadi ya Mungu. Lakini uyoga usioujua usichumwe, wala msifikiri kwamba moto utauondolea sumu. Sumu ya uyoga mbaya haiondoki kwa kupikwa, na maumivu huweza kuanza baada ya saa 6 au zaidi, mtu akiwa amekwisha kulala. Uyoga wote uonyeshwe kwa mama au bibi anayeujua kabla ya kuingia chunguni.

(e) Maji. Bwawa linaonekana limetulia, na kingo zake huteremka ghafula. Mdogo asiingie majini bila mtu mzima ajuaye kuogelea. Akizama mtu, usimrukie kama hujui kuogelea, maana mtakufa wawili. Mnyoshee fimbo ndefu au kanga, au mtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko, huku mwingine akikimbia kuita watu. Masika msivuke mto uliofurika hata kama nyumba mnaiona ng'ambo.

(f) Radi na nyoka. Mvua ya radi ikiwakuta, msisimame chini ya mti ulio peke yake. Mtu akiumwa na nyoka, asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, abebwe upesi hospitali.

(g) Msigombane njiani. Jambo la kugombania lisubiri nyumbani. Mtoto aliyekasirika hukaa nyuma, na anayekaa nyuma hupotea.

6. Neno kwa wazazi

Wazazi, tusiwabebeshe wakubwa mzigo usiowafaa. Msichana wa miaka 12 mwenye mtoto mgongoni na wengine wawili mkononi, kila siku ya likizo, hayuko matembezini. Yuko kazini. Yeye naye ni mtoto, na yafaa apate siku yake ya kwenda bila kubeba mtu. Wavulana nao wafundishwe kulea, maana Yuda na Reubeni walikuwa wanaume.

Tena tutazame ni nani asiyechukuliwa kamwe. Katika nyumba nyingi yuko mtoto wa marehemu ndugu yetu, au wa mama mwingine, au asiyeweza kutembea vizuri, ambaye wenzake wakienda yeye hubaki kulinda nyumba. Twasema njia ni ndefu. Kama mwendo hupimwa kwa mdogo, basi ipatikane baiskeli ya kumpakia, au ichaguliwe njia fupi. Matembezi ya kilomita mbili na watoto wote ni bora kuliko ya kilomita kumi na mmoja akilia mlangoni.

Nasi tuliokwisha kuwa wazima tusifikiri kwamba somo hili limetupita. Wana wa Yakobo walipokwenda Misri walikuwa watu wenye wake na watoto. Kaka mwenye kazi Dar es Salaam huja nyumbani Krismasi kwa treni, akamwacha mdogo wake Morogoro asiye na nauli. Dada hupita na basi karibu na kwa mdogo wake mgonjwa, asishuke. Jamaa hukutana msibani, wakauliza mbona fulani hakufika, na aliyekuwa na gari alipita mlangoni pake. Mama aliyesema “Uwaangalie wadogo zako” huenda alikwisha kufariki. Neno lake halikufa pamoja naye.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika Mwanzo 33:13-14, ni nani anayeweka mwendo wa safari? Nyumbani kwenu ni nani?
2. Reubeni na Yuda walitofautianaje katika ahadi zao kwa baba? Kwa nini baba aliikubali ya Yuda?
3. Wazazi: ni mtoto gani nyumbani kwenu ambaye hajatoka matembezini mwaka huu? Imekuwaje?
4. Wakubwa: ni ndugu gani uliyempita njiani? Utafanya nini kabla ya sikukuu ijayo?

Vikundi vya vijana na Umoja wa Mama wanaweza kulitumia somo hili kwa juma mbili: sehemu ya 1 hadi 3 juma la kwanza, na zilizobaki juma la pili.

Tuombe

Ee Mungu, uliyewaongoza baba zetu jangwani kwa mwendo wa watoto wao, uwalinde watoto wetu waendao njiani na porini. Uwape walio wakubwa subira ya kungoja, na walio wadogo moyo wa kusikia. Uwarudishe wote nyumbani, asikose hata mmoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.